Nataka Benzi ya marehemu daktari, mume wangu amenyamaza

BARUA

Mshauri, pokea salamu zangu kutoka Kisumu. Huwa nasoma safu hii tangu zamani ila sijawahi kuandika, kwa sababu shida nyingi unazoletewa ni za ndoa na wakwe, na huko kwangu nashukuru Mungu kumetulia. Yangu ni ya gari. Tafadhali usicheke.

Nina miaka 46, nimeolewa na tuna watoto watatu. Nina duka la dawa hapa Kondele na tunaishi Mamboleo. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari. Tuna gari moja, Toyota Vitz ya 2009, ambayo imetubebea kila kitu: katoni za dawa, mbolea, chakula cha kuku, mama mkwe na mizigo yake. Haina ugonjwa mkubwa, imechoka tu. Mlango wa nyuma hufunguka kutoka nje tu, na tukipanda matuta unasikia springi zikilalamika.

Kanisani kwetu kuna mama mjane ninayemheshimu sana. Mumewe alikuwa daktari, akafariki miaka miwili iliyopita. Nyumbani kwake Milimani, chini ya kibanda cha mabati, kuna Mercedes E200 Kompressor ya 2005, samawati iliyokoza, namba yake inaanza na KAU. Daktari aliinunua Nairobi ikiwa mpya kabisa. Aliiendesha kwenda hospitalini, kanisani, klabuni, na Krismasi kwenda kwao Siaya. Basi. Imetembea kilomita 58,000 pekee! Vitz yetu imeshapita 190,000.

Mama anaiuza 850,000. Mimi nina 1,050,000, nyingine akiba yangu ya SACCO na nyingine zamu yangu ya chama. Karo ya kijana wetu anayeingia chuo kikuu Septemba nimeiweka kando, kwa hivyo hapo usinihubirie.

Mshauri, nimekaa ndani ya hilo gari. Ngozi ya viti bado inanukia. Mbao za dashibodi hazina hata ufa. Ukifungua mlango wa dereva, kabla hujatia ufunguo, unasikia mvumo mfupi kutoka upande wa injini kama friji inayoanza kazi, kisha kimya. Ukiufunga, Kondele, boda boda, makanga, wote wanabaki nje. CD ya rumba ya Daktari bado imo. Nimesimama nyuma ya kaunta tangu kijana wangu akiwa chekechea, na siku hiyo nilikaa kwenye kile kiti nikajiambia, kwa nini si mimi?

Sasa shida. Fundi wetu wa Vitz aliposikia alisema, "Mama, Benzi kuukuu ni kununua ugonjwa." Shemeji yangu wa Nakuru naye anasema gari la Mjerumani likiwa na kilomita 58,000 halijaanza kazi. Nani mkweli?

Baba watoto nilimweleza jioni moja akisahihisha mitihani. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Pesa ni zako," akarudi kwa karatasi zake. Tangu hapo hajalitaja. Nadhani anaogopa watu watasema mke anaendesha Benzi na mwalimu anapanda matatu.

Mama naye anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kuna mtu wa Eldoret anampigia simu kila mara, lakini yeye angependa lije kwangu kwa sababu anajua nitalitunza. Amesema naweza kulichukua hata leo. Logibuku, ile hati ya umiliki wa gari, bado iko kwa jina la Daktari, ila hiyo tutaishughulikia baadaye. Ataniandikia barua ya mauzo, ana hati ya kifo na barua ya chifu, na watoto wake wawili, mmoja Marekani na mwingine Nairobi, wamekubali kwa simu. Kitabu cha sevisi kina mihuri hadi 2015. Baada ya hapo Daktari alikuwa na fundi wake, ambaye alihama. Siku hizi mjukuu huliwasha kila Jumamosi likanguruma kidogo ili lisife.

Naona aibu kumpeleka fundi afungue boneti mbele ya Mama, kama vile namshuku marehemu. Na kila mtu ananiambia kwa pesa hizo nichukue Honda Fit au Mazda Demio nilale usingizi. Lakini hiyo si kununua Vitz nyingine tu? Nisaidie.

Mama wa Kondele, Kisumu

JIBU

Mama wa Kondele, dada yangu, sijacheka. Kuna watu huniandikia kuhusu mume aliyehama nyumba kwa maneno machache kuliko uliyotumia kueleza mlango mmoja wa gari, na hilo peke yake lilinifanya niisome barua yako mara ya pili.

Nikikuelewa vizuri, umefanya kazi miaka mingi, umeweka akiba, umetenga karo, na sasa umekutana na kitu kizuri ambacho bei yake, kwa mara ya kwanza, haikukimbii. Wanaokuzunguka wanakupa sentensi mojamoja: ugonjwa, halijaanza kazi, pesa ni zako. Hakuna aliyeketi nawe. Na katikati ya haya kuna mjane ambaye hutaki kumvunjia heshima, na kalenda inayokwenda mbio.

Kwanza niseme wazi kwamba kutaka kitu kizuri si dhambi wala si utoto. Demio umeitaja kwa nusu mstari, Mercedes umeipa aya nzima. Mshauri atakayekuambia ufanye hesabu tu na kusahau ile ngozi ya viti atakuwa hajaisoma barua yako. Ila naomba tutazame mambo kadhaa uliyoyapita haraka, kwa sababu naona uzito wa barua uko hapo.

Tuanze na hizo kilomita. Umeziandika kwa alama ya mshangao, na shemeji wa Nakuru anazishangilia. Kilomita 58,000 kwa gari la 2005 ni kama 3,000 kwa mwaka, na kweli hizo ni chache mno. Lakini gari huchakaa kwa kutembea, na huchakaa pia kwa kukaa. Mipira inayozuia oili kuvuja hukauka na kupasuka hata gari likiwa chini ya kibanda. Oili ya breki hufyonza unyevu wa hewa, na Kisumu yetu unyevu haukosekani. Ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka kama miwili bila kutazama kilomita. Oili ya injini nayo ina kalenda yake. Matairi vilevile: yanaweza kuwa na meno yote na bado yakawa yamezeeka ndani. Ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT na kodi zinazofuata, kuna tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2316, hiyo ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Kazisome mwenyewe, huhitaji fundi.

Halafu safari zenyewe. Hospitalini, kanisani, klabuni, nyumbani. Hizo ni safari fupifupi ambazo injini haipati moto wa kutosha kukausha unyevu unaobaki kwenye oili na kwenye ekzosi. Na huyu mjukuu wa Jumamosi, Mungu ambariki kwa nia yake, huenda analiumiza gari kuliko angeliacha. Kuliwasha likanguruma pale pale hakulipashi moto inavyotakiwa, betri hairudishiwi chaji iliyotumika kuliwasha, na giaboksi, breki na magurudumu hayajasogea hata hatua moja. Nimezungumza na fundi ambaye kazi yake ni magari ya Ulaya, na unajua hakuniuliza limetembea kilomita ngapi? Aliuliza, "Mara ya mwisho lilienda Busia na kurudi lini?"

Sasa nikupe upande wa pili, maana sitaki uone kama natafuta sababu za kukukatisha tamaa. Ule mvumo uliousikia ukifungua mlango si mapambo. Mercedes za aina hiyo za miaka hiyo zina mfumo wa breki unaotumia kompyuta na pampu ya umeme: mlango ukifunguliwa, pampu inajiandaa. Wenyewe huuita SBC. Uliwasumbua watengenezaji hadi mwaka 2004 wakayaita mamia ya maelfu ya magari yarudi kukaguliwa, na kwenye modeli ya E wakauacha mwaka 2006. Kile kifaa huhesabu kila mara breki inapokanyagwa, na kikifika kikomo chake huwasha onyo na kutaka kubadilishwa. Kukibadilisha si kazi ya pesa kidogo. Hapa ndipo kilomita chache zinakusaidia kweli: breki za Daktari zimekanyagwa mara chache kuliko za gari la aina hiyo lililokuwa teksi. Kwa hivyo shemeji ana ukweli wake.

Na fundi wako wa Vitz pia ana wake, ingawa si ule uliousikia. Kwenye mfumo huo, fundi asiyejua kuizima pampu kabla ya kugusa breki anaweza kubanwa vidole vibaya. Yeye hakukagua gari, hakulifungua, hakuliona. Nadhani alichokuambia, kwa njia yake, ni kwamba yeye si daktari wa ugonjwa huo. Hilo ni jambo la kumshukuru. Lakini pia ni swali kwako: ukilinunua, nani atalishika? Si lazima awe Kondele, lakini awe mtu unayemjua kwa jina, mwenye mashine inayosoma kompyuta za Mercedes, ambaye ukimpigia simu umekwama Maseno saa moja jioni hatakuambia livutwe hadi Nairobi. Mtafute kabla ya kununua. Ukimkosa, umepata jibu moja muhimu bila kutumia hata shilingi.

Kuhusu ukweli wa zile kilomita, simshuku marehemu. Hata hivyo Kenya hii saa za kuhesabu kilomita za magari hurudishwa nyuma kila siku, na njia nzuri ya kulinda jina la Daktari ni kukagua. Kile kitabu cha sevisi ni hazina. Tazama muhuri wa mwisho wa 2015 ulisema kilomita ngapi. Kama ni 40,000 na kitu, hesabu inakubali. Kisha jiulize kuhusu miaka iliyofuata: oili ilibadilishwa lini, ya breki lini, ya giaboksi je? Yule fundi aliyehama ana simu, na mtu kama Daktari hakosi kuwa alihifadhi risiti kwenye droo fulani. Mwombe Mama mzitafute pamoja. Huko si kumchunguza, na huenda hata ikamfurahisha kukuonyesha jinsi mumewe alivyokuwa mtu wa utaratibu.

Tuje kwenye pesa. Umeandika una 1,050,000 na gari ni 850,000, kana kwamba 200,000 zinabaki. Sidhani zinabaki. Gari lililokaa hivyo likiingia barabarani litaomba matairi, betri, mikanda, oili zote, na mipira kadhaa, kabla hujafika Luanda ya njia ya Busia. Mwambie fundi atakayelikagua akuandikie bei ya kila kimoja kwenye karatasi, kisha uitazame ile karatasi ukiwa umeketi kwenye Vitz, si kwenye Benzi. Petroli nayo, hiyo si injini ya ulafi kama watu wanavyodhani, ni 1.8 tu, lakini mjini usishangae ikikupa kilomita 8 au 9 kwa lita. Na nenda kwa kampuni yako ya bima uwaambie mwaka wa gari. Nyingi husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huo, au hutaka ukaguzi kwanza. Kama watakupa ile ya mtu wa tatu pekee, utakuwa unaegesha 850,000 mbele ya duka Kondele bila kinga. Labda unaweza kuishi na hilo, labda huwezi. Wewe ndiye unayejijua usiku.

Sasa jambo ambalo, kusema kweli, lilinishtua kuliko breki. Umeandika, "Logibuku bado iko kwa jina la Daktari, ila hiyo tutaishughulikia baadaye." Dada, hiyo baadaye ndiyo mlima.

Sheria yetu ya urithi, Sura ya 160, hairuhusu mtu yeyote kuuza au kugawa mali ya marehemu kabla mahakama haijampa mamlaka, hata akiwa mjane wake, hata watoto wakikubali kwa simu. Mamlaka hayo huja kwa hati ya usimamizi wa mirathi, au kama Daktari aliacha wosia, kwa hati ya kuuthibitisha. Barua ya chifu na hati ya kifo ni za kuanzia safari hiyo. Ombi likishapelekwa mahakamani hutangazwa katika Gazeti Rasmi la Serikali, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Kisha hati yenyewe, kwa kawaida, huthibitishwa baada ya miezi 6. Uhamisho wa gari siku hizi hufanywa kupitia eCitizen, muuzaji akiwa kwenye akaunti yake na mnunuzi kwenye yake. Marehemu hawezi kuingia akabofya.

Fikiria ukilichukua leo kwa ile barua ya mauzo. Ukigongana na pikipiki pale kwenye mzunguko, kampuni ya bima itauliza gari ni la nani. Yule kijana wa Marekani akibadilisha mawazo Krismasi, au akatokea mtoto mwingine ambaye hamkuwahi kumsikia (haya hutokea, na sisemi limetokea hapa), wewe utakuwa umeshalipa, umeshaweka matairi mapya, na huna karatasi. Mama naye utakuwa umemwingiza matatani, kwa sababu kuuza mali ya marehemu bila mamlaka kunaweza kumfikisha kortini. Kumwambia hili ni kumlinda. Huenda hajui. Wajane wengi huambiwa na watu wa kanisa na wa mtaa kwamba barua ya chifu inatosha.

Inawezekana pia mirathi ilishaanzishwa na wewe hujaelezwa. Muulize. Kama hati ipo, sehemu hii yote ya barua yangu inapungua kuwa kazi ya wakili ya siku chache. Kama haipo, kuna njia ya katikati: wakili aandike makubaliano kwamba utanunua karatasi zikikamilika, kwa bei mliyoafikiana, pengine na arubuni ndogo itakayokaa kwa wakili. Hasara yake ni kwamba gari litazidi kukaa miezi hiyo, mtu wa Eldoret atazidi kupiga simu, na wewe utabaki na akiba ambayo kila jamaa mwenye shida atainusa. Faida ni kwamba hutanunua kesi.

Huyo mtu wa Eldoret, kwa njia, usimwogope sana. Au ni mnunuzi wa kweli ambaye naye atakutana na logibuku ile ile, au ni mtu asiyejali logibuku, na huyo si mtu wa kushindana naye. Benzi ya umri huo huipati bandarini Mombasa, maana Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8. Lakini zilizomo nchini hazijaisha. Hata ukiikosa hii, si ya mwisho duniani.

Nimechelewesha ya baba watoto makusudi.

Umesema mambo ya ndoa yametulia, nami nakuamini. Lakini umeniandikia kuhusu gari, na sentensi niliyobaki nayo ni ya mumeo: "Pesa ni zako." Wewe umeitafsiri kuwa ni hofu ya maneno ya watu. Inawezekana. Kwa upande wetu huu mtu akimwona mke anashuka kwenye Benzi na mwalimu anashuka kwenye matatu, maneno hayakosi. Ila mimi naona maana nyingine tatu au nne. Ya kwanza ni ile ile aliyoisema: ni zako, umezitafuta, nakuheshimu, amua. Kuna waume wanaosema hivyo wakimaanisha hivyo, hasa wakiwa na karatasi za Form Three mkononi. Ya pili, pengine aliumia kwamba ulimletea jambo likiwa limeshaiva, bei inajulikana, umeshakaa ndani, naye akaitwa kupiga makofi.

Na ya tatu inanijia kila nikiitazama orodha yako ya mizigo ya Vitz. Mbolea. Chakula cha kuku. Mama mkwe. Nani hubeba mbolea, ni wewe au ni yeye? Kama Jumamosi ni yeye anayeichukua Vitz kwenda shambani, basi ulipomwambia unataka Benzi, yeye huenda alisikia kwamba Vitz inauzwa na magunia yatapanda juu ya ile ngozi ya viti, au hayatapanda popote. Barua yako haisemi Vitz itaenda wapi. Je, yeye ulimwambia? Hilo tu linaweza kuwa limemnyamazisha mtu wiki kadhaa.

Ukiibakisha Vitz, hali ya nyumbani inabadilika, na hata ya Benzi inabadilika, kwa sababu hutalazimika kuipitisha kwenye matope wala kuitegemea asubuhi ambayo imegoma. Ila utakuwa na magari mawili, bima mbili, na swali gumu zaidi: Benzi utaiendesha lini? Kama ni Jumapili kwenda kanisani na Krismasi kwenda nyumbani, utakuwa umemrithi Daktari hadi mazoea yake, na gari litaendelea kuzeeka kwa kukaa. Kama ni kila siku Mamboleo hadi Kondele, ni safari fupi zile zile. Gari hilo linataka barabara. Je, maisha yako yana barabara ya kulipatia? Labda utaniambia ndiyo, kwamba kijana akiwa chuoni mtakuwa mnamtembelea, kwamba mna ndugu Nakuru. Nitafurahi kusikia.

Na tusiionee Demio. Umesema ni Vitz nyingine. Ni kweli haitakufungia Kondele nje ya mlango. Ila ni gari ambalo fundi wako analijua, spea zake zinauzwa kila mtaa, na ukichoka nalo utaliuza kwa wiki moja, jambo ambalo Benzi kuukuu haikuahidi. Hapo hapo, usidhani gari kutoka Japani halina siri. Lina historia usiyoijua, na kilomita zake nazo zinastahili kutiliwa shaka. Wanaokuambia utalala usingizi hawajalikagua hata wao. Kama hakuna lolote kati ya haya linalokuvuta, kuna kutonunua chochote mwaka huu: rekebisha ule mlango wa nyuma, badilisha springi, uone kama hamu ya Benzi itakuwa bado ipo mwakani. Ikiwepo, basi ilikuwa ya kweli.

Usiniulize ningefanya nini mimi. Mimi sijakaa kwenye kile kiti. Ninachoweza kukuambia ni kwamba unaogopa kuwauliza watu wawili wanaokupenda: mumeo, na Mama. Kwa mumeo usianze na gari. Muulize tu, akiwa hana karatasi mkononi, "Uliposema pesa ni zangu, ulimaanisha nini?" kisha unyamaze wewe, hata kama ni dakika ndefu. Akisema anaogopa maneno ya watu, mtajua la kufanya. Akisema mbolea, mtacheka.

Kwa Mama, mwendee siku ya kawaida, si baada ya ibada watu wakiwa wamesimama. Mwambie, "Mama, nataka kulitunza gari la Daktari kama alivyolitunza, na siwezi kulitunza kabla sijajua lina nini. Niruhusu nije na fundi. Na tutafute wakili, karatasi ziwe safi kwako na kwangu." Mke wa daktari anajua mgonjwa hapimwi kwa kutazamwa usoni. Akikataa katakata lisifunguliwe boneti, hilo nalo umelijua mapema.

Akikubali, nendeni asubuhi na mapema, na mwombe siku hiyo mjukuu asiliguse. Yule fundi wa magari ya Ulaya alinisisitizia hili: injini za aina hiyo zina cheni ndani ambayo ikilegea hukwaruza sekunde chache za kwanza gari likiwashwa likiwa baridi, kisha kelele inapotea. Likiwa limeshapashwa moto kabla hamjafika, hamtasikia kitu. Simama karibu na boneti mwenyewe, mwache fundi awashe.